Anayemtaka Atupele

Nalala Jumapili mchana, nimevimba kwa hasira, na kitabu nilichokitoa chini ya godoro la mwanangu kiko kifuani. Atupele ana miaka kumi na sita na siku hizi ukimwita haitiki, anasoma tu habari za vijana wanyonya damu. Nimekichukua nitafute uchafu nimwonyeshe baba yake. Uchafu sijauona. Nimeona kijana mzuri, wa baridi, wa miaka mia asiyezeeka, anayempenda msichana wa shule na kutamani damu yake, akijizuia asimwume, ukurasa baada ya ukurasa anajizuia, na mimi mama mzima nafunua mwingine nijue kama atamwuma. Hilo ndilo linalonikasirisha zaidi. Macho yanafumba, kitanda kinakuwa barabara, nami niko juu yake peku, natembea.

Barabara inakwenda, inajikunja, inakwenda tena, mpaka kwenye mji ambao kuta zake zote ni vioo. Mtu asiye na uso ananipokea. Namuuliza, mwanangu yuko wapi? Anajibu, yuko pale anapoonekana. Nasema, mimi namwona kila siku. Anasema, unamtazama. Natamani kumzaba kofi lakini pa kumzabia hapapo, basi namfuata, na kila kioo ninachopita kinanionyesha mimi wa zamani, nina miaka kumi na sita, nimesukwa vizuri, nimesimama nangoja mtu ageuke anione, na hakuna anayegeuka. Nakipiga teke kioo. Kinatikisika kama maji, na ng'ambo yake Atupele amekaa kwenye ngazi na yule kijana.

Kijana anasimama kwa adabu. Shikamoo, mama. Shikamoo nini, nafoka, wewe una miaka mia, mimi ndiye wa kukuamkia! Mzee mzima unakaa na mtoto wa kidato cha tatu, huna haya? Anainamisha kichwa. Atupele hanyanyuki. Mama, anasema, muache. Nimuache? Huyu anataka damu yako! Najua, anasema, kanieleza mwenyewe siku ya kwanza. Kaniambia nimuogope, kisha akakaa mbali. Ananiuliza nimeshindaje, halafu ananyamaza asikilize. Ninyi nyumbani mnaniuliza nimepata ngapi.

Namshika mkono namvuta. Kijana hatuzuii, na hata hilo linanichoma, natamani angenizuia nipate wa kupigana naye. Tunakwenda, mji unasogea, vioo vinatangulia mbele yetu, ngazi ile ile inarudi na kijana ameshakaa. Tunageuka, iko tena. Nampigia kelele yule asiye na uso, njia ya nyumbani ni ipi? Anasema, ni fupi kama swali, ila aliyeuliza lazima angoje. Sina muda wa mafumbo yako! Lakini miguu imechoka, na ndipo naona kwamba tangu tuanze kutembea hajanitazama usoni.

Nakaa chini, katikati ya barabara. Atupele, nasema, na sauti inatoka ya ukali kwa sababu sina nyingine, una nini? Nangoja. Nauma ulimi nisiseme. Kisha anaanza, polepole, anasema ni mwalimu wa tuisheni, yule mnayemsifu, anayeleta maandazi. Huyo hajaniambia nimuogope, mama. Huyo anajifanya baba. Wenzangu wakiondoka anafunga mlango, anasema nibaki nimalize zoezi, na

nafumbua macho. Dari ni letu, pazia ni letu. Atupele amekaa ukingoni mwa kitanda, analia bila sauti, na midomo yake inaendelea pale pale, na mara ya pili, mama, nikamuuma mkono nikakimbia.

Sijui kama nimeamka. Ukuta nyuma yake unang'aa kidogo, kama maji, na sijui ni jua au ni nini. Namuuliza, huyo mwalimu anakaa nyumba gani? Ananitajia. Sijali ni ulimwengu upi huu. Najifunga kanga kiunoni, naingiza miguu kwenye viatu, nafungua mlango.