Mshipi wa Nailoni

Tangu vita viwatoe milimani Burundi na kuwafikisha Ujiji, Leonia hakuwahi kumgusa baba mkwe wake wala kumtaja jina. Ndiyo heshima aliyolelewa nayo. Lakini asubuhi ile mzee Bonaventura alikanyaga kaa la moto uani, akaendelea kusimulia habari za ng'ombe wake huku moshi unafuka unyayoni. Leonia alipiga ukelele mpaka majirani wakatoka.

"Una nini, mwanangu?"

"Baba, unaungua!"

Mzee aliutazama mguu kana kwamba ni wa mtu mwingine.

Zahanatini, Nesi Asnath alikifunga kidonda, akauliza wanakula nini. Ugali wa muhogo, maharage. Nyama? Maziwa? "Vilibaki kwetu na ng'ombe," mzee akajibu. Samaki je? Akageuza uso. Mwanawe Gasper alikuwa mvuvi, uani dagaa walianikwa kila siku, lakini mzee hajaonja hata mmoja. "Mfugaji hali wadudu wa majini."

"Mzee wangu, nisikilize. Neva ni nyuzi zinazopeleka habari kutoka mguuni hadi kichwani, nazo zimevikwa ganda. Ganda hilo linataka vitamini iliyomo kwenye maziwa, nyama, samaki. Muhogo hauna. Ganda likichakaa, habari zinapotelea njiani. Nitakuchoma sindano, ila ninazo chache. Usipokula, kaa la pili litaondoka na mguu."

Kisha akampa Leonia kipande cha mshipi wa nailoni wa kuvulia samaki. Kila Jumapili mzee afumbe macho, mkwewe amguse unyayo kwa ncha ya mshipi, naye aseme "ndiyo" akihisi.

Leonia akainama. "Mimi, dada? Mume wangu yuko ziwani, lakini akirudi..."

"Utamgusa kwa mshipi, si kwa mkono."

Jumapili ikafika. Mzee akanyoosha mguu, akafumba macho.

"Ndiyo," akasema. Baada ya kitambo, "Ndiyo." Kisha kwa furaha, "Ndiyo! Hapo kabisa!"

Leonia alikuwa bado anaunyoosha mshipi uliojikunja.

"Baba, sijaanza."

Mzee akafumbua jicho moja. Akacheka mpaka akakohoa, na alipomaliza, macho yalikuwa yamelowa. "Niliogopa utanilisha samaki."

"Nitakulisha," Leonia akasema, akashangaa mdomo wake mwenyewe.

Jioni akamkaangia dagaa. Mzee akachungulia bakuli. "Wana macho."

Leonia akawachukua, akawatwanga kwenye kinu, akawachanganya na kisamvu. "Sasa hawana."

Akala amefumba macho, kama anayekunywa dawa. Wiki ya tatu alikuwa anawachagua mwenyewe kabla hawajatwangwa, akiwapa majina ya ng'ombe wake: huyu mnene ni Bihogo, yule ana kiburi kama dume lake la zamani. Lakini kila Jumapili Leonia aligusa, na mzee alinyamaza. Hakudanganya tena. Leonia alikunja mshipi, akaenda kuosha vyombo ili asimwone akihuzunika.

Jumapili ya tisa aligusa chini ya kidole gumba. Kidole kikaruka.

"Ngoja," mzee akasema. "Kuna sisimizi hapo."

"Hakuna sisimizi, Baba."

Akagusa tena. Mzee akavuta mguu, akacheka kama mtoto. "Acha, mwanangu, unanitekenya!"

Leonia, aliyemtii mzee huyo katika kila jambo, hakuacha.