Grauti ya Kaburi la Mama

Usiku wa kuamkia leo niliota nimesimama kwenye duka la vifaa vya ujenzi pale Himo, nachagua grauti ya kaburi la mama. Vigae vyenyewe vilikuwa vimeshabandikwa, vyeupe. Ilibaki kujaza mianya kati ya kigae na kigae.

Muuzaji hakuwepo. Kwenye kiti chake lilikaa kopo la epoksi, ile grauti ya gundi, limefunga tai nyeusi.

"Pole na msiba," likaniambia.

"Nimeshapoa. Ni mwaka sasa."

"Mimi sipitishi kitu," likasema. "Si maji, si mafuta, si ukungu. Doa silijui. Ukinijaza leo, huna haja ya kurudi tena pale kusugua."

"Ndivyo anavyotaka kaka yangu Anaeli. Yuko Mwanza. Anasema hana nafasi ya kuja kila mara kusugua kaburi."

Mfuko wa grauti ya saruji ulikuwa sakafuni, umeegemea ukuta. Ukakohoa vumbi.

"Mimi napitisha kidogo," ukasema, kwa sauti ya mtu anayeeleza ugonjwa wake mbele ya watu. "Na madoa nashika. Mimi ni wa kuangaliwa."

Nikainama niusikie vizuri. Nilipoinuka, duka halikuwepo.

Niko shambani kwetu, katikati ya migomba. Kaka Anaeli amepiga magoti juu ya kaburi, anasukumiza epoksi kwenye mianya kwa vidole.

"Kaka, si tulikuwa hatujaamua?"

"Imeshachanganywa," anasema bila kuinua kichwa. "Ikishachanganywa haisubiri mtu."

Chini ya vigae mama anaongea. Halii wala halalamiki. Anaongea vile alivyokuwa akiongea yuko jikoni na sisi tuko sebuleni.

"Anaeli, umekula?"

"Nimekula, mama." Anaziba mwanya.

"Na Aikande amekula?"

"Amekula," ananijibia. Anaziba mwingine.

Kila mwanya unapozibwa, sauti inapungua. Mwanzoni naisikia nikiwa nimesimama. Baadaye inabidi nichuchumae. Kisha nalaza sikio juu ya kigae, na kigae kina baridi. Migomba nayo imeinama kusikiliza, na sioni ajabu.

"Kaka, husikii anavyofifia?"

"Nasikia." Machozi yanamtiririka hadi kidevuni, yanadondokea kwenye epoksi. Epoksi inayakataa. Yanateleza juu yake yanakwenda zake majanini. "Unadhani kwa nini sitaki kuja huku? Kila nikija ananiuliza kama nimekula."

Umebaki mwanya mmoja, upande wa kichwani. Kabla hajaufikia, nauchomekea kidole.

"Toa kidole, Aikande. Kitaganda."

"Kigande."

Huko chini kitu kinanigusa ncha ya kidole, taratibu, kama mtu anayepima kama uji wa mtoto umepoa. Mama anasema neno refu. Napata nusu tu, kuhusu mvua na kuhusu sisi kutogombana. Halafu mwenyewe anakisukuma kidole changu nje.

Anaeli anautazama ule mwanya ulio wazi. Mkono wake umejaa epoksi, ameunyoosha, hausogei mbele wala haurudi nyuma.

Nikaamka. Kulikuwa kumeshapambazuka na simu inaita. Alikuwa Anaeli, kutoka Mwanza.

"Nunua ile ya saruji," akasema. Hata salamu hakutoa.

"Jana si ulisema epoksi?"

"Nilisema. Sasa nasema saruji. Kusugua nitakuja mwenyewe."

Sauti yake ilitoka mbali, kama simu imewekwa mezani na yeye amekaa upande wa pili wa chumba. Nikamwambia aisogeze sikioni.

"Siwezi kuishika," akasema. "Vidole vya mkono wa kulia vimegandana tangu nilipoamka. Wifi yako anajaribu kuviachanisha kwa mafuta ya taa."

Sikumuuliza vimegandana na nini.