Geti Lililokuwa Mke wa Mtu

Usiku wa jana, baada ya kubishana na mume wangu kuhusu rangi mpaka chai ikapoa, niliota geti letu la chuma limeketi mkekani sebuleni, limejitanda kanga, linangoja kuposwa.

Ubishi wenyewe ulikuwa huu. Leo alasiri wanakuja watu kumposa binti yetu Saumu. Nyumba yetu hapa Pangani iko karibu na bahari kiasi kwamba chumvi inatufuata hadi kwenye shuka, na geti limeshika kutu ya kumchafua kila anayepita. Wageni watakuja na kanzu nyeupe. Mimi nilinunua kopo la rangi ya buluu, nikataka lipakwe asubuhi, mambo yaishe. Mume wangu Shekue akasema huwezi kupaka rangi juu ya kutu. Nikamwambia akalale.

Basi niko sebuleni, mimi ndiye mama wa bibi harusi, na bibi harusi ni geti. Sishangai. Nawakaribisha wachumba, ambao ni watatu.

Wa kwanza ni Bomba la kupulizia rangi, kijana mwenye haraka, hata viatu havui. Anasema geti zima atalimaliza kabla kahawa haijachemka. Namwambia atuonyeshe. Mara sebule inakuwa ufuo, upepo unavuma, Bomba anapuliza, na rangi yote inalipita geti kwa adabu, inakwenda kumpaka mbuzi wa jirani pembe ya kushoto. Mbuzi anasema asante. Geti halijapata hata tone.

Wa pili ni Rola, mnene, mpole, anatembea kwa kubingirika. Geti letu lina maua ya chuma yaliyojikunja. Rola anapita juu juu, mikunjo yote anaiacha, kisha anasema amemaliza. Namwambia shangazi yangu ana ukuta mmoja ulionyooka vizuri, bado haujaolewa. Anafurahi, anabingirika kwenda huko.

Wa tatu ni Brashi, mtu mzima, nywele zimeanza kumpungua. Anasema ataingia kila kona, polepole, na akimaliza ataanza upya. Nampenda hapo hapo. Nawaambia wanawake wapige vigelegele.

Geti linafunua kanga.

"Mama," linasema, "mimi ni mke wa mtu."

"Wa nani?"

"Wa Kutu."

Kweli, Kutu yuko nyuma yake, amevaa msuli, anakula mihogo niliyowapikia wageni. Anasema ameishi na geti miaka yote hii, hakuna aliyewahi kumfukuza, na mke wa mtu haposwi. Wazee waliojaa sebuleni, ambao sijui wameingia saa ngapi, wanatikisa vichwa kumuunga mkono.

Namnong'oneza Brashi alipake tu hivyo hivyo, wageni wako njiani. Geti linanitazama kwa bawaba zote mbili.

"Ukinifanyia hivyo, nitamshika mkwe wako kanzu, na sitamwachia mpaka aulize nyumba hii inaficha nini kingine."

Naogopa, naogopa kweli, kwa sababu Saumu anampenda yule kijana anayemposa, na mimi nampenda Saumu kuliko ninavyomwonyesha.

Basi nafanya inavyopasa. Kutu anaandikiwa talaka juu ya kipande cha msasa. Anaondoka akinung'unika, na mihogo yangu anayo. Brashi anamleta shangazi yake, Brashi wa Waya, awe somo wa kumwandaa bibi harusi. Analisinga geti kwa kulisugua mpaka linang'aa, na vumbi jekundu linatujaa puani. Kisha tunaliogesha kwa maji ya kisima, tunarudia tena, mpaka nikililamba sisikii chumvi. Wazee nao wanataka kulamba, nawakatalia. Mwisho linavishwa praima, rangi ya kwanza ya kuzuia kutu, ya kijivu, isiyo na urembo wowote.

"Haya, harusi sasa," nasema.

"Nimeachwa leo leo," geti linajibu. "Nakaa eda mpaka nikauke."

"Na wageni?"

"Wapite uani."

Nikaamka. Jua lilikuwa limeshatoka. Nikamwambia Shekue geti lisuguliwe, lioshwe, lipakwe praima, rangi ingoje siku nyingine, na wakwe tuwapitishe mlango wa uani. Akanishika paji la uso kupima homa. Kwa kuwa ameshinda ubishi, akavaa kandambili upesi kabla sijabadili mawazo.

Tukatoka nje. Kopo la rangi lilikuwa barazani, limezibwa vile vile lilivyotoka dukani. Kando yake amesimama mbuzi wa jirani, pembe ya kushoto buluu tupu.

Shekue akalinyanyua kopo, akaligeuza huku na huku.

"Nani kampaka huyu?"

"Bomba."

"Bomba gani, mama Saumu? Sisi hatuna bomba la rangi."

"Tulimkataa," nikamwambia, nikaenda kutafuta msasa.