Picha ya Gaspari Ilipotazama Barabara

Marehemu mume wangu aliniachia nyumba ya Mjimwema yenye chumba kimoja kinachoelekea barabara. Zamani kilikuwa cha mashine ya kusaga. Sasa amekipanga kijana anayeitwa Remmy, aliyekulia Dar es Salaam, na humo anatundika picha. Ukikiita duka anakasirika. Anasema ni galari. Mimi nakiita galari mbele yake na duka mbele ya Mungu, ingawa Mungu anajua kwamba wateja hawajakiita jina lolote.

Remmy ana wasanii watatu, kila mmoja na ukuta wake. Pankrasi anachora miduara. Nilimuuliza ni nini, akaniambia ni ukimya. Bakili, mtu wa Nalasi, anabandika maganda ya korosho kwenye mbao, na kazi zake zote zinaitwa Nyumbani. Wa tatu ni Careen, mtoto wa marehemu dada yangu, ninayeishi naye. Huyu anachora sura za watu. Ukimtazama mtu aliyechorwa na Careen unajua kama ni mchoyo.

"Sura ni mambo ya zamani," Remmy alimwambia mbele yangu. "Simu nayo inapiga sura. Msanii wangu lazima amsimamishe mtu. Maonyesho haya yakiisha bila hata mmoja kusimama mbele ya kazi yako, ukuta huo nampa mwingine."

Jioni ile ugali wa Careen ulikuwa uji. Songea nzima galari tunayoijua ni hiyo moja. Akiukosa ule ukuta, atarudi kuchora mikasi na vitana kwenye milango ya saluni.

Kazi aliyokuwa amemaliza ilikuwa ya Gaspari, mwenyekiti wa jumuiya yetu ya kanisa, mgane wa siku nyingi. Alimchora mkubwa kama meza, na koti lake jeusi na rozari mkononi, anatazama mbele kama anayeuliza nani hajatoa zaka. Asubuhi ya maonyesho mimi na Careen tulikwenda Misa. Nyuma yetu Remmy akaona ampe msichana nafasi ya mwisho, kwa moyo mwema kabisa. Akaiweka ile picha mlangoni, ikaelekea barabara. Akaitundikia pazia la zambarau kwa nyuma, na chini akapanga maua meupe.

Sasa hapa kwetu, uso wa mtu uliokuzwa hutoka nje mara moja tu, na mwenyewe hauoni. Mjukuu huubeba mbele ya jeneza. Mtu wa Dar hukumwambia, atajuaje?

Tuliporudi, Subira anayekaanga vitumbua ng'ambo ya barabara alikuwa ameshazima jiko lake.

"Pole, Mama Beda," akaniambia. "Innalillahi. Juzi tu alikula kwangu."

"Nani huyo?"

Akaonyesha kwa kidevu. Nikatazama, moyo ukanilipuka, kisha nikaelewa.

"Gaspari yuko Madaba, shambani."

"Kumbe amefia Madaba."

"Hajafa, Subira."

"Na sisi hatutaki kuamini, dada yangu," akasema, akanishika mkono.

Simu ya Gaspari haikupatikana. Mtu akatumwa nyumbani kwake, akakuta kufuli. Baada ya hapo ushahidi gani mwingine unatakiwa? Kina mama wa jumuiya wakaja na unga, maharage na kuni, wakatandika mikeka galarini. Ubao wa Bakili ukalazwa chini ukabeba masufuria. Kuna mama mmoja aliulizia miduara ya Pankrasi, akaambiwa ni ukimya. Akasema basi iachwe hapo hapo, msibani inafaa.

Remmy alikuwa amesimama pembeni, mikono kifuani. Mikeka na masufuria alidhani ndivyo Songea wanavyofungua maonyesho.

"Mama, wanalia," akaninong'oneza.

"Naona."

"Mbele ya kazi ya msanii. Hata Dar sijaona kitu kama hiki." Akamgeukia Careen. "Nilikosea. Ukuta ni wako."

Nilifungua mdomo nimweleze, Careen akanivuta kanga. "Mama mdogo, ngoja kidogo tu."

Mimi ni mtu wa kanisa, sisemi uongo. Yeyote ambaye angeniuliza kama Gaspari yu hai ningemjibu. Lakini nani anauliza hivyo msibani?

Mchana Gaspari mwenyewe akaingia kwangu kwa mlango wa jikoni, na gunia la mahindi mabichi begani, maana mbele hapakupitika.

"Shikamoo, Mwenyekiti."

"Marahaba. Nani amekufa?"

"Wewe."

Akakaa kwenye kigoda. Kabla sijamaliza kumsimulia, tukasikia sauti ya Kajetani chumba cha mbele. Kajetani ndiye aliyekuwa mwenyekiti kabla yake, na tangu aliposhindwa hawajapeana amani, hata padri anaposema mpeane.

"Alituongoza vizuri," Kajetani alikuwa anasema, sauti inakatika. "Kuliko yule aliyemtangulia."

Nilitaka kutoka. Gaspari akaninyooshea kidole. "Nyamaza, mama. Hebu mwache amalize."

"Ni dhambi, Mwenyekiti."

"Mimi nimesema nimekufa? Nimekaa jikoni tu." Akaomba sahani, akala maharage ya msiba wake, na kila msemaji alipokaa, yeye akaniuliza kwa nini mtu huyo amefupisha.

Careen akaingia kuchukua maji, akamwona. Ndoo ikabaki hewani.

"Wakijua uko hai wataondoka," akasema. "Na Remmy atauchukua ukuta wake."

Gaspari alifikiri. "Basi nirudi Madaba?"

Nadhani angerudi kweli, tena kwa furaha. Nikamtazama yule mtoto. Alikuwa ameuma mdomo kama mama yake alivyokuwa akifanya. Kisha akaweka ndoo chini.

"Hapana, baba mkubwa. Njoo usimame karibu nayo. Kama hamfanani, Remmy auchukue ukuta."

Akamwongoza kwa mkono hadi mlangoni. Kilio kikakatika. Mama mmoja alirudi nyuma akakalia sufuria la unga. Subira ndiye aliyepata sauti kwanza.

"Na machozi yangu nani atanirudishia?"

Kajetani alimtazama wa picha, akamtazama aliye hai. "Tuliyemlilia ni huyu wa kwenye picha," akasema. "Huyu mwingine amekonda."

"Umesema nilikuzidi kuongoza," Gaspari akamkumbusha.

"Nilimsema marehemu."

Remmy alikuwa anaelewa pole pole, kama mtu anayevuliwa shati. "Kwa hiyo walisimama kwa ajili ya msiba," akasema. "Siyo kwa ajili ya kazi."

Careen akamwonyesha watu. Hakuna aliyekuwa ameondoka, chakula kilikuwa bado jikoni. Na sasa walikuwa wamesogea, wengine wamemshika Gaspari kidevu wakimgeuza huku na huku kumlinganisha. "Jicho hili la kushoto," mama mmoja akasema, "ndivyo analifinya akidai michango." "Na hapa mdomoni," mwingine akasema, "anataka kucheka ila anajizuia, cheo." Walibishana hivyo mpaka chakula kikaiva, na walipoitwa kula walikuja mmoja mmoja, wakigeuka nyuma. Remmy aliwatazama wote. Kisha akaenda akaing'oa misumari ya miduara ya Pankrasi, akamwongezea Careen ukuta wa pili.

Watu walipokuwa wananawa, Kajetani akamsogelea Careen kando ya karo. Alitaka naye achorwe, na koti, awe mkubwa kidogo kumzidi yule.

"Nitakuchora, baba," Careen akasema. "Na usihofu, nitakutundika huku ndani kabisa. Sitakuelekeza barabarani."

Kajetani akakunja uso.

"Barabarani ndipo penyewe, mwanangu," akasema kwa sauti ya chini. "Wewe niambie tu ni wiki ipi, nikamsalimie dada yangu Mbinga."