Hali ya Wifi Nyumbani

Kitu cha kwanza alichokiona ni ufupi wa waya. Kabla hajaitoa simu kwenye boksi, kabla hajagusa karatasi ya maelekezo iliyokunjwa mara nane, aliuona ule waya wa bluu umefungwa kwa kamba ya plastiki. Akaufungua, akaupima kwa mkono. Ulianzia kwenye ncha za vidole ukaishia begani, basi.

"Huu nao ni waya au kamba ya kiatu?" alijisemea, tena kwa sauti ya tumboni kama kawaida yake.

Kazini walimwita Sauti. Aliingia pale kama mfagiaji, na siku moja simu ililia wenzake wakiwa wamekwenda kula. Akaipokea ufagio ukiwa mkono wa pili, akamweleza mteja namna ya kuyeyusha barafu ndani ya jokofu bila kulitoboa kwa kisu, mpaka mteja akacheka na kushukuru. Msimamizi alikuwa mlangoni, amesikia yote. Kesho yake ufagio akapewa mtu mwingine. Lakini huyo huyo Sauti, aliyekuwa na maneno kama bomba lililopasuka akishika mkonga wa simu, ukimweka uso kwa uso na mtu alitazama vidole vyake vya miguu. Shule aliiachia darasa la sita, na tangu hapo aliamini kwamba maneno yake yana kasoro ambayo watu wanaiona wakimtazama mdomo.

Sasa kampuni ya majokofu ilikuwa imerudisha nusu ya ofisi kwa mwenye jengo. Wapokea simu wote kumi na wawili walipewa simu za mezani wakafanyie kazi nyumbani. Si simu za laini za zamani. Hizi zilipitia kwenye intaneti. Amri ilikuwa moja: hadi saa sita mchana siku ya Ijumaa, kila simu iwe hewani na iwe imejaribiwa. Ambaye hayuko hewani, nafasi yake anapewa mwingine, na waliokuwa wakiisubiri nafasi hiyo walijaa benchi zima pale mapokezi.

Ijumaa yenyewe ilikuwa leo, na saa ilikuwa nne na nusu.

Sauti aliiweka simu juu ya meza ya sebuleni, akachomeka umeme. Kioo kikawaka, kikaandika maneno mawili ya kigeni yenye alama ya mshangao, kikanyamaza. Waya wa bluu aliuchomeka kwenye king'amuzi cha televisheni kwa sababu tundu lilifanana. Maneno yakabaki yale yale. Akachomoa, akachomeka tena. Mwishowe akampigia fundi wa kampuni kwa simu yake ya mkononi, akaiweka spika ili mikono yote miwili iwe huru.

Fundi huyu walimwita Chomoa, maana dawa yake ilikuwa moja kwa kila ugonjwa.

"Chomoa," alisema hata kabla ya salamu. "Hesabu mpaka kumi. Chomeka."

"Nimeshafanya hivyo mara tano."

"Ulihesabu?"

"Nilihesabu."

"Mpaka kumi, au ulikimbilia saba?"

Sauti akauma mdomo. "Fundi, imeandika maneno mawili na mshangao."

"Basi haioni mtandao. Waya umeuchomeka wapi?"

"Nyuma ya televisheni."

Fundi alivuta pumzi ndefu, ya mtu ambaye tangu asubuhi amekwisha kuingia nyumba saba kwa masikio tu. "Dada yangu, kwani unataka simu ikuonyeshe tamthilia? Chomeka kwenye ruta. Ruta iko wapi?"

"Chumbani kwa kaka."

"Basi hamia huko. Ngoja, ngoja kwanza. Wewe si yule aliyejaza fomu ya…" Akaanza kucheka. Zikasikika karatasi zikipekuliwa. "Ni wewe! Ofisi nzima tulicheka mpaka machozi. Sikiliza: 'Unaishi na nani? Kaka na wifi. Hali ya wifi nyumbani? Mzima wa afya, ila ni mkali, na chumba ni chake.'"

Damu ilimpanda Sauti hadi kwenye nywele. Katika nyumba ile hakuna aliyeita mtandao wifi. Waliuita mtandao, au intaneti, kwa sababu jina hilo jingine lilikuwa na mwenyewe. Yeye alipoijaza ile fomu ya kufanyia kazi nyumbani alikuwa ametoka kuandika anaishi na nani, swali la pili likamtaja wifi, akaona ofisi ni waungwana, wanajali familia.

Chumbani, cherehani ilinyamaza.

Mke wa kaka yake alitokea mlangoni, sindano mbili zimechomwa kwenye kifua cha gauni, futi ya kupimia shingoni. Alikuwa akishona mapazia mle chumbani, na ruta ilikuwa yake, aliifungisha ili awatumie wateja picha. Hakumtazama Sauti. Aliiinamia simu ya mkononi iliyokuwa mezani.

"Fundi, rudia."

"Nani mwenzangu?"

"Ndimi wifi. Mkali."

Kicheko kilikatika upande wa pili. Kisha sauti ndogo ikatoka: "Shikamoo."

"Marahaba. Endelea kusoma."

"Hapana, mama, hilo swali halikuhusu mtu. Lilikuwa la intaneti. Wifi ile ya…"

"Ya hewani, naijua, mimi si mshamba. Swali lilikuwa la intaneti. Jibu ni langu."

Akamgeukia Sauti sasa. "Mimi na wewe tunaitana wifi. Wewe wifi yangu, mimi wifi yako. Mbona mimi sikuletewa fomu? Ningeijaza kwa neno moja tu. Hali ya wifi nyumbani: bubu. Anaongea na watu wa majokofu peke yao."

Sauti alifungua mdomo. Alitaka kusema samahani, lakini macho yakamshukia kwenye vidole vya miguu. Wifi alingoja, akaona hakuna kinachokuja, akarudi chumbani. Mlango ukafungwa. Cherehani ikaanza tena, safari hii kwa kasi ya mtu anayemfukuza mwizi.

"Fundi," Sauti alinong'ona, "huna waya mrefu?"

"Ninao. Jumatatu."

"Jumatatu si nitakuwa sina kazi?"

"Dada yangu, mimi ni fundi, sio mkurugenzi. Nenda kaombe uingie. Kuomba hakuhitaji waya." Akakata.

Alimpigia kaka yake. Kaka alikuwa dereva wa lori, na alikuwa mahali ambapo simu haishiki. Akampigia tena. Haishiki. Akaibeba ile simu ya mezani kifuani kama mtoto mwenye homa, nyaya zikining'inia, akaenda kusimama mbele ya mlango wa chumba. Akagonga. Aligonga kwa kidole kimoja, cherehani ikaimeza hodi yake. Akangoja cherehani itulie. Ilipotulia, akaona aibu kugonga, maana sasa angesikika. Ikaanza tena, akajilaumu. Ilitulia mara tatu, na mara tatu mkono wake ulikataa. Alijichukia kwa kweli. Mtu mzima, mwenye ulimi uliotuliza wateja waliotaka kulichoma moto duka, anashindwa na ubao wa mlango!

Saa tano na dakika arobaini na tano mlango ulifunguliwa wenyewe. Wifi alikuwa akienda kunywa maji. Nusura agongane naye.

"Umesimama hapa tangu saa ngapi?"

Sauti akaikumbatia simu zaidi.

"Unataka nini?"

Sauti akanyanyua ncha ya waya wa bluu.

"Waya nauona. Nakuuliza wewe. Sema."

Sauti akaunyanyua waya juu zaidi. Wifi akafyonza, fyonzo refu lenye kona, akampokonya simu, akavuta stuli, akapanda hadi usawa wa ruta juu ya kabati. "Dakika kumi. Nina mapazia ya watu."

Wakaiweka simu juu ya kabati fupi la viatu, ubavuni mwa kabati kubwa, na hata hapo waya ulifika kwa kunyooshwa kama ngozi ya ngoma. Haikukubali. Sauti akampigia fundi.

"Nyuma ya simu kuna matundu mawili yanayofanana," fundi alisema. "Chomeka la kushoto."

"Kushoto nikiitazama mbele au nyuma?"

"Kushoto ni kushoto!"

"Fundi," wifi aliingilia kutoka juu ya stuli, "kushoto kwako wewe uliyeko huko, au kwetu?"

Fundi akafikiri. "Nyuma," alisema kwa unyonge. "Ukiitazama nyuma."

Walikuwa wamechomeka la kulia. Wakabadilisha. Chomoa, hesabu, chomeka. Kioo kikazimika, kikawaka, kikazunguka zunguka hadi Sauti akahisi kizunguzungu chake mwenyewe. Kisha taa ya kijani ikawaka, na namba yake ya ofisini ikatokea.

"Uko hewani," fundi alisema. "Bado jaribio. Piga namba yoyote ya nje, uongee dakika moja nzima. Mfumo wenyewe utaandika kama umepita. Na usiihamishe hapo ilipo. Ukiihamisha tunaanza upya, na upya ni Jumatatu. Kazi yako itakuwa hapo hapo, saa mbili asubuhi mpaka saa kumi."

Wifi alisikia. Alikaa kwenye cherehani, akampa mgongo, akaanza kuvuta kitambaa. "Zimebaki dakika tatu," alisema kwa ukuta.

Saa sita kasoro dakika nane. Sauti akashika mkonga. Namba ya nje aliyoijua kwa kichwa ilikuwa moja tu, ile aliyokaririshwa na kaka yake wiki aliyohamia, ili asipotee. Akaibonyeza.

Simu ya wifi ikalia juu ya kitambaa. Namba ngeni kwake ilikuwa mteja. Akapokea bila kugeuka. "Hallo, mapazia."

Kwenye kioo, sekunde zikaanza kuhesabu. Sauti aliisikia ile "hallo" mara mbili, moja hewani mle chumbani na moja sikioni, na ile ya sikioni ndiyo iliyofungua koo lake. Ile sauti yake ya kazini ikaja yenyewe.

"Wifi, ni mimi. Usigeuke. Ukigeuka nitanyamaza."

Mgongo ukatulia. Mguu ukatoka kwenye pedali ya cherehani.

"Niliandika wewe ni mkali kwa sababu ni kweli. Na niliiandika kwenye karatasi kwa sababu mdomoni hainitoki. Unasema mimi bubu. Si bubu, wifi, naogopa. Miaka minne niko kwako, sijawahi kukuomba hata chumvi. Chakula kikiwa hakina chumvi nakila hivyo hivyo. Nikiumwa nalala naumwa. Nafikiri nikikuomba ukasema hapana, hiyo hapana nitaipeleka wapi, na nyumba ndiyo hii hii?"

Dakika ilitimia. Aliiona ikitimia, na alama ya kupita ikatokea, na angeweza kukata. Hakukata.

"Leo naomba. Naomba hii kona, kila siku, saa mbili mpaka saa kumi. Cherehani shona tu. Wateja wakiuliza nini kinalia nitawaambia ni fundi anatengeneza jokofu. Naomba, wifi. Sijawahi kulisema hili neno humu ndani. Naomba."