Masanduku ya Mwalimu Zundel

Mwalimu Zundel alipolazwa hospitali kwa siku tisa, dada yake Frumka alikuja kumsafishia nyumba kwa ajili ya Pasaka ya Wayahudi, ambapo mkate wenye chachu hauruhusiwi nyumbani. Alisaka chembe za mkate hata katikati ya vitabu. Kwenye rafu ya chini akakuta masanduku kumi na moja ya viatu, yamejaa kadi. Akasoma moja, akaona Jina la Mungu limeandikwa kamili. Maandishi ya namna hiyo hayatupwi. Akampelekea Shabtai, mtunzaji wa sinagogi, ayazike pamoja na vitabu vya sala vilivyochakaa.

Kadi zile zilikuwa maneno ya Kiebrania kama wazee wa mtaa wa Mwalimu, kule Minsk, walivyoyatamka, kila neno na aya yake ya Maandiko Matakatifu. Alianza kuziandika alipokuwa akifundisha kwa siri majikoni mwa watu, maana huko Kiebrania kilikuwa marufuku. Mia mbili za kwanza alihama nazo ndani ya bitana ya koti. Zilizobaki aliziandika hapa Yerusalemu, kutoka kwa wahamiaji aliowafundisha. Wengi wao sasa ni marehemu. Mimi, mmoja wa wanafunzi wake, nilikuwa nikija kila Jumanne kumpangia kadi hizo.

“Kaka, ungeandika herufi moja badala ya Jina, kama watu wote, nisingempelekea Shabtai,” alisema Frumka, Jumanne ile Mwalimu aliporudi kutoka hospitali.

“Ungezirudisha kwenye rafu?”

“Ningezitupa.”

Mimi na Mwalimu tulimkuta Shabtai kwenye chumba cha nyuma cha sinagogi, anafunga magunia ya maandishi ya kuzikwa.

“Mwalimu, humu kuna kuingia tu. Kama makaburini.”

“Nani kasema zitoke? Nipe kiti, nizinakili humu humu.”

“Alhamisi tunazika.”

“Alhamisi bado mbali.”

“Ni keshokutwa, Mwalimu.”

Akaleta kiti, halafu cha pili kwa ajili yangu. Mwalimu alisoma, mimi nikaandika. Safari hii, mahali pa Jina, alinitajia herufi moja tu. Shabtai alisimama mlangoni na funguo zake, akijifanya hasikilizi.

“Kwetu Zakho hatutamki hivyo,” alisema mwishowe.

“Mnatamkaje?”

Akatamka. Mwalimu akamwomba arudie, akanisogezea kadi mpya.

“Hii nayo mtaizika?” nikauliza, kwa sauti ndogo.

“Hiyo haina Jina, binti. Hiyo nenda nayo nyumbani,” alijibu Shabtai.

Mpaka Alhamisi asubuhi tulikuwa tumemaliza sanduku moja na nusu. Mwenye mkokoteni alifika na punda wake, akauliza magunia yako wapi. Shabtai alitoka nje, akaikanyaga ardhi kwa kisigino, mara mbili.

“Imelowa,” alisema. “Tungoje wiki ijayo.”

Mvua ilikuwa haijanyesha tangu Purimu, sikukuu ya mwezi mmoja kabla ya Pasaka. Mwenye mkokoteni aliyatazama mavumbi kwenye viatu vyake, akamtazama Shabtai, akageuza punda.

Mwalimu hakuinua kichwa.

“Kadi inayofuata,” alisema.