Uzito wa Mwanzo

Jumamosi saa tisa alasiri, fundi saa alichota maji ya kimea kutoka kwenye sufuria ya lita ishirini, akayapoza, akayamimina kwenye bomba la kioo na kutumbukiza kipimo cha uzito. Kipimo kilitakiwa kuelea penye elfu moja na hamsini. Kilizama mpaka elfu moja na thelathini, kikatulia hapo. Maji yalikuwa mepesi mno.

Dada yake, aliyekuwa akimenya vitunguu mezani, alinyoosha shingo. "Bia hiyo, kaka, labda ya kumezea vidonge."

Kwa kawaida kazi hii ilikuwa ya mkewe. Mke alikuwa ameosha chupa katika kiwanda cha bia miaka kumi na mmoja, na huku mikono ikiosha, macho yalikuwa yakijifunza. Bia ya nyumba ile ilisifiwa mtaa mzima, nayo iliitwa bia ya fundi saa, kwa kuwa yeye ndiye aliyekaa sebuleni na kuwamiminia wageni. Hakuwahi kumdanganya mtu. Hakuna aliyewahi kumuuliza.

Baada ya wiki tatu mwenye hoteli mmoja alikuwa aje kuionja, na ikimridhisha, amwajiri aliyeipika. Watu walikuwa wameacha kumletea saa azitengeneze. Siku hizi walitazama simu. Mke alikuwa kwa mdogo wake aliyejifungua, na bia haingoji mtu. Fundi akaingia jikoni mwenyewe.

Alikoroga kilo nzima ya unga wa kimea, akachemsha bila kifuniko ili mvuke utoke. Akapima tena. Elfu moja na ishirini. Aliongeza sukari, na sufuria ikanyanyuka juu ya jiko kiasi cha vidole viwili.

"Punguza moto," dada yake alisema. "Gesi inapotea bure."

Mke aliporudi, jua likielekea kuzama, sufuria ilikuwa imefika usawa wa kifua. Aliweka mkoba chini.

"Ulipima ikiwa moto?"

"Nilipoza kwanza."

"Na kimea?"

"Kilo nzima, mama watoto. Na sukari."

Mke alichovya kijiko, akaonja. "Utamu upo. Ulikuwa unaongea na nani wakati unapika?"

Fundi alijikuna kidevu. "Na mwenye hoteli, kwenye simu. Aliulizia ile bia aliyokunywa mwezi uliopita, nani aliipika. Nikamwambia ni mimi."

Dada aliendelea na vitunguu. Mke alinawa mikono polepole, akaifuta kwa upande wa kanga.

"Basi isahihishe kauli hiyo ukiwa hapahapa."

Fundi aliisogelea sufuria. Alisema, kwa sauti ya mtu anayesoma barua ya mwingine, "Ile aliipika mke wangu." Sufuria ilishuka shubiri moja. "Na za mwaka jana zote." Ikashuka tena. Ilimchukua muda, maana ilikuwa miaka mingi, lakini hatimaye sufuria ilikaa juu ya jiko na kipimo kikasimama penye elfu moja na hamsini. Fundi alijihisi mwepesi na mwenye aibu kwa pamoja. Mke aliacha maji yapoe, akayahamishia kwenye ndoo, akatia hamira, akafunga.

Wiki tatu baadaye mwenye hoteli aliketi sebuleni, akanywa nusu glasi, akaiweka mezani.

"Hii ina mwili, inajaa mdomoni," alisema. "Nani alikufundisha?"

Mke alikuwa amesimama mlangoni na jagi. Fundi alimtazama. Siku zote hizo alikuwa amelifanyia mazoezi jibu lake, na lilikuwa fupi. Kisha alimtazama mgeni, aliyekuwa tayari amemnyooshea mkono.

"Kujaribujaribu tu," alisema. "Ni mkono wangu mwenyewe."

Glasi ilinyanyuka yenyewe kutoka mezani. Mgeni aliidaka hewani bila kumwaga tone, akaimaliza, akamwambia fundi aanze kazi Jumatatu.

Sasa fundi hupika bia hotelini. Kila jioni mkewe humweleza vipimo vya kesho, naye huviandika kwenye daftari. Sufuria za hoteli zimefungwa kwa minyororo, na wahudumu wamezoea kupita chini yake wakiinamisha vichwa. Wateja hushika glasi kwa mikono miwili. Wanaisifu bia kwamba haichoshi.

Siku moja, wakianua nguo, dada wa fundi aliuliza, "Wifi, kwa nini usiende ukawaambia?"

Mke alikunja shati la kazi la mumewe, lenye jina la hoteli kifuani, akaliweka juu ya mengine.

"Niwaambie nini, wifi? Sufuria wanaziona."